Mashine ndogo ya pande mbili: kufua na kukausha nguo ndani ya fleti

Muuzaji akikuonyesha mashine ya kufulia ya pande mbili, maneno yake hayabadiliki: "Hii inafua na kukausha." Nusu yake ni kweli. Upande mkubwa unafua. Upande mdogo, wenye pipa jembamba la vitundu vitundu, unakamua tu. Nguo ikitoka humo haidondoshi tone, lakini ukiivaa hivyo hivyo utakwenda kazini na ubaridi mgongoni. Nalitanguliza hili kwa sababu nimeona watu wakinunua mashine leo, kesho yake wanafungua kamba ya kibarazani na kuitupa, halafu masika yanaingia na nyumba nzima inanuka uvundo.

Ninayoandika hapa yanamfaa anayeishi kama ninavyoishi: fleti ya vyumba viwili Dar es Salaam, ghorofa ya tatu, kibaraza cha kutosha mtu mmoja na ndoo yake, maji ya bomba yanayokuja kwa zamu. Katika nyumba ya namna hii kufua ni kazi ya saa moja na ushee. Kukausha ndiko kunakokula siku mbili, na siku mbili hizo zinaweza kuwa moja ukijua kuzitumia dakika tano za kukamua.

Kabla hujatoa hela

Kilo zilizoandikwa kwa herufi kubwa ubavuni ni kilo za nguo kavu, tena za upande wa kufulia. Upande wa kukamulia hubeba pungufu, kama theluthi mbili au hata nusu. Kwa hiyo mashine ya kilo 7 itafua fungu moja na kulikamua kwa awamu mbili. Hiyo si kasoro, ndivyo ilivyoundwa. Shuka la kitanda cha sita kwa sita pamoja na foronya zake linaingia vizuri. Blanketi zito liache: kavu ni jepesi, lakini likishakunywa maji ni mzigo mwingine kabisa.

Kwa nini pande mbili na si ile inayofanya kila kitu yenyewe? Kwetu sababu ni maji na umeme. Mashine inayojiendesha inataka bomba lenye presha. Siku ya mgao itasimama ikilia na kukuwashia taa. Hii unaijaza kwa ndoo. Umeme ukikatika katikati ya kazi, ile ya mlango wa mbele hubaki imejifunga na nguo zako zikiogelea ndani. Hii unafunua mfuniko, unatoa nguo, unamalizia kwenye beseni kama zamani.

Kuhusu LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, usiwe na hofu. Mota ya kufua kwa kawaida ni wati 300 hadi 400, ya kukamua wati 150 hadi 200. Uniti moja ni wati 1,000 zikitumika saa nzima. Fua dakika 15, suuza mara mbili dakika tano tano, kamua dakika kumi kwa jumla: hujafika hata robo ya uniti. Pasi utakayopigia nguo hizo baadaye inaweza kula zaidi.

Mahali pa kuiweka, na mpira wa maji

Weka mashine pagumu na pa usawa, miguu yote minne ikigusa sakafu. Ukiisukuma pembeni ikayumba, tafuta kipande cha raba ukipachike chini ya mguu unaoning'inia. Usiifunge kwa ekstensheni inayolala kwenye sakafu ya bafu. Plagi iingie kwenye soketi ya ukutani, mikono ikiwa mikavu, na kama ukiigusa bodi unahisi vijidudu vinatembea kwenye vidole, chomoa, umwite fundi umeme akague waya wa ethi, ule wa kijani na njano. Usizoee hali hiyo.

Sasa mpira wa kutolea maji. Mashine nyingi za aina hii hazina pampu. Maji yanashuka kwa uzito wake mwenyewe, basi. Mimi hilo sikulijua. Mpira wangu niliupandisha juu ya kizingiti cha bafu, sentimita kama 15 tu, ili usininase miguu. Upande wa kufua ulikwenda sawa. Nilipofika kukamua, mashine ikaguna "mmmm", pipa likazunguka kivivu kama mtu aliyeamshwa usingizini, povu likaanza kutokea juu. Nikajua mota imekufa ndani ya wiki moja. Fundi alikuja, akainama, hakufungua hata skrubu. Aliushika ule mpira, akaushusha chini ya kizingiti, maji yakabubujika, mashine ikanguruma vizuri.

"Dada, maji hayapandi mlima," akaniambia, na nauli yake nikamlipa.

Kilichotokea ni hiki: maji yanayokamuliwa yalikuwa hayana pa kwenda, yakajikusanya chini ya pipa, nalo pipa likawa linajaribu kuzunguka ndani ya dimbwi. Kama bafu lako lina kizingiti kirefu, inua mashine badala ya kuinua mpira. Mimi nimeiweka juu ya mbao mbili nene zenye raba.

Kuchambua nguo

Pindua mifuko yote nje. Sarafu ya mia mbili inapenya kwenye ukingo wa ile sahani inayozunguka chini na kuanza kukwaruza. Tishu moja iliyosahaulika mfukoni inageuka theluji juu ya suruali nyeusi. Funga zipu, fungua vifungo vya mikono, geuza jinzi ndani nje.

Tenga mafungu matatu: nyeupe, za rangi, na nyeusi au chafu sana. Utaona hivi punde kwa nini matatu.

Kanga na vitenge vipya vinataka neno la ziada. Doti uliyotoka kuinunua, kama haijakatwa na kupindwa, usiitie kwenye mashine. Ukingo wake unafumuka, nyuzi zinajiviringisha chini ya sahani, na siku utakayosikia mashine inanung'unika utazikuta humo kama nywele kwenye kitana. Pinda kwanza. Halafu jaribu kama inachuja: lowesha pembe moja, ibane ndani ya kitambaa cheupe, kamua kwa nguvu. Kitambaa kikipata rangi, kanga hiyo ifuliwe peke yake kwa maji ya baridi mara mbili tatu za mwanzo. Wengi watakuambia uiloweke kwenye maji ya chumvi. Nimefanya hivyo miaka na miaka kwa kumfuata mama, na kanga zinazochuja ziliendelea kuchuja. Rangi inayotoka ni ile iliyozidi, isiyoshika uzi. Inaisha kwa kufuliwa.

Kola za kanzu na mashati ya shule zipakwe sabuni ya kipande na kusuguliwa kwa mkono kwanza. Mashine hii inachezesha nguo ndani ya maji, haina vidole. Damu ni maji ya baridi, kamwe si ya moto. Mafuta ya chakula, sabuni ya vyombo. Doa la mchuzi wa manjano likibaki hata baada ya kufua usihangaike nalo, lianike juani: jua linaila rangi ya manjano siku moja au mbili.

Kufua

Maji yanatangulia, sabuni inafuata, nguo mwisho. Jaza hadi alama ya katikati. Kwa mashine ndogo ni kama ndoo mbili za lita 20. Tia vijiko viwili au vitatu vya chakula vya sabuni ya unga, washa dakika moja ikayeyuke, ndipo uingize nguo. Ukitupia unga juu ya nguo kavu utaukuta umeganda kwenye mikunjo hata baada ya kusuuza.

Maji ya kisima yenye chumvi, ambayo sehemu nyingi za Dar ndiyo tunayoyajua, hayapatani na sabuni ya kipande. Badala ya povu inatoa utando mweupe unaong'ang'ania kwenye nguo. Humo tumia ya unga. Wakati wa masika kinga maji ya mvua kwa ajili ya nguo nyeupe. Utashangaa sabuni kidogo inavyotoa povu.

Usishindilie. Washa na utazame: nguo iliyo juu inapaswa kuzama na kuibuka kwingine. Ikiwa inakaa pale pale inazunguka kama mtumbwi uliotia nanga, punguza. Dakika 6 hadi 8 zinatosha kwa nguo za kawaida, 12 hadi 15 kwa sare za shule na za kazini. Zilizo chafu sana zichezeshe dakika tatu, zima, ziloweke dakika 20, kisha endelea.

Na hapa ndipo mafungu matatu yanapolipa. Fua nyeupe. Zitoe, zipeleke upande wa kukamulia. Maji yale yale ya sabuni, ukiongeza kijiko kimoja, yanafua za rangi. Ya tatu ni nyeusi na matambara. Povu moja, mafungu matatu, na zile ndoo mbili za kwanza zimefanya kazi ya ndoo sita.

Kamua kabla ya kusuuza

Wengi wanatoa nguo kwenye povu na kuzitumbukiza moja kwa moja kwenye maji safi. Maji yanakuwa povu tena, wanamwaga, wanajaza, wanamwaga. Kamua kwanza dakika mbili. Sabuni iliyojificha ndani ya nguo inatoka pamoja na maji machafu, na suuza ya kwanza inakuwa kama ya pili. Tangu nianze kufanya hivi sijawahi kusuuza mara tatu.

Kipimo cha kujua sabuni imeisha ni rahisi: kamua pindo la taulo ndani ya glasi ya maji safi, funika kwa kiganja, tikisa. Povu likibaki juu, suuza tena. Sabuni iliyobaki ndiyo inayokakamaza taulo, na ndiyo inayovuta unyevu na harufu nguo zikishaingia kabatini. Kwenye suuza ya mwisho waweza kutia nusu kikombe cha siki nyeupe, taulo zinalainika. Lakini siki na jiki havikutani hata kwa bahati mbaya: vikichanganyika vinatoa hewa ya klorini, na hewa hiyo bafuni inaumiza mapafu. Fungu uliloliwekea jiki lisuuzwe kwa maji matupu.

Maji ya suuza ya mwisho usiyaache yaende. Geuzia mpira kwenye ndoo. Ndiyo ya kudekia na ya chooni.

Dakika tano zenye thamani

Pipa la kukamulia linazunguka kama mara 1,300 kwa dakika. Kwa mwendo huo nguo zikielemea upande mmoja, mashine nzima inacheza. Kwa hiyo usizitupie. Ingiza moja moja, uzikandamize chini na kuzizungushia ukutani, nzito zikigawanywa: mguu wa jinzi huku, mguu wa jinzi kule. Nguo moja nzito peke yake haikamuliki vizuri, iwekee mwenzake. Juu yake weka kile kifuniko cha ndani cha plastiki, ukikandamize kila upande. Watu hukipoteza ndani ya mwezi wa kwanza, na bila hicho soksi huruka na kujisokota chini ya pipa.

Funga mfuniko, zungusha saa hadi dakika moja tu. Sikiliza. Ngurumo laini inayopanda ni heri. Ikigonga du-du-du, zima, ngoja isimame, panga upya. Ikikubali, mpe dakika tano kamili, kisha geuza nguo na umpe mbili tena. Mfuniko ukifunguliwa pipa linatakiwa kusimama ndani ya sekunde chache. Likiendelea kuzunguka breki imelegea, usiitumie mpaka irekebishwe, hasa kama kuna watoto. Mkono hauingii mpaka pipa limetulia kabisa.

Kama una shaka na faida yake, jaribu nilivyofanya. Chukua taulo tatu kubwa, zikamue kwa mkono kadiri ya nguvu zako zote, wawili mkizisokota kila mtu upande wake. Kisha ziingize kwenye pipa na mpira uelekee kwenye chupa. Zangu ziliijaza chupa ya lita moja na bado mpira ulikuwa unatiririka. Maji hayo, usipoyatoa hapo, yanatakiwa yapae hewani sebuleni kwako.

Kukausha

Hewa ya Dar kati ya Machi na Mei tayari imeshiba maji. Nguo haikauki kwa joto peke yake, inakauka kwa hewa inayopita na kuchukua unyevu ikaenda nao. Chumba kilichofungwa madirisha chenye nguo za fungu moja kinafika mahali hewa haipokei tena. Hapo ndipo uvundo unapozaliwa, na vile vidoa vyeusi vya kawa kwenye kola nyeupe ambavyo havitoki tena.

Jua likiwapo, anika nje, usifikirie mara mbili. Ila kama kamba iko chini ya mti au kivulini, kumbuka yule inzi anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevu; funza wake huingia chini ya ngozi na kutumbuka kama jipu. Anapenda kivuli. Nguo za mtoto mchanga na za ndani zilizokaushiwa mahali hapo zipige pasi ya moto, pande zote mbili, hadi kwenye mishono. Na kama unaishi juu, kukamua vizuri ni adabu pia. Kabla sijawa na mashine, jirani wa chini alikuwa akipiga kelele dirishani: "Jirani, mbona mvua inanyesha kwangu tu?" Kanga zangu nne zilikuwa zinachuruzika juu ya mashuka yake makavu.

Ndani ya nyumba, utaratibu wangu ni huu. Stendi ya kukunja inakaa katikati ya chumba, haigusi ukuta. Mashati na magauni yanaingia kwenye henga, kila henga ikipishana na nyingine kwa vidole vinne. Jinzi inabanwa kiunoni, ndani nje, kwa vibanio vinne ili kiuno kikae wazi kama mdomo wa mfuko. Ikining'inizwa kwa kukunjwa juu ya kamba, pale ilipokunjwa ndipo panapobaki pabichi. Taulo ining'inie ndefu upande mmoja kuliko mwingine, tabaka zisilaliane. Shuka linachukua kamba mbili, likiwa na nafasi katikati ya kupitisha hewa.

Kisha feni. Feni ya kusimama ya wati 50 au 60, ikiwa usawa wa nguo na si juu yake, dirisha moja wazi nyuma ya feni na jingine wazi ng'ambo ya nguo. Ikiwaka saa sita haifiki hata nusu ya uniti. Baada ya saa mbili geuza nguo. Mvua ikinyesha mfululizo, fungu la mashati na kanga lililokamuliwa dakika saba linaanuliwa jioni kama liliwekwa asubuhi. Jinzi hulala hapo.

Wenye kiyoyozi chumbani wana njia nyingine. Kama ungekiwasha usiku hata hivyo, ingiza stendi humo, funga madirisha, kiweke kwenye hali ya kukausha hewa, ile yenye alama ya tone. Nenda nje utazame kibomba chake kinavyodondosha: ni jinzi zako zile. Kukiwasha kwa ajili ya nguo tu siwezi kukushauri, bili itakukumbusha.

Halafu kuna vikaushio vidogo vya joto, vya kilo 3 hivi, vya kutundika ukutani au kuweka mezani. Vinafanya kazi. Vinakula wati 800 hadi 1,500, na fungu moja ni saa mbili au zaidi, kwa hiyo hesabu uniti mbili tatu kila unapofua. Vingi vinatema hewa ya moto yenye unyevu, na hewa hiyo usipoitolea dirishani kwa mpira wake, umehamisha maji kutoka kwenye nguo hadi kwenye ukuta na godoro. Chujio la vumbi la nyuzi lisafishwe kila mara, maana likijaa linaweza kushika moto. Kwangu kifaa hicho kina maana kwa nyumba yenye mtoto mchanga na nepi za kitambaa wakati wa masika. Kwa wengine wote ningesema nunua feni nzuri na vibanio vya kutosha.

Mashine yenyewe haina makuu. Ukimaliza mwaga mfuko mdogo unaonasa nyuzi, futa pipa, acha mifuniko yote miwili wazi hadi kesho. Mara moja kwa mwezi ijaze maji yenye vikombe viwili vya siki, izunguke dakika kumi, imwage.

Kabla hujakunja, usiamini kiganja. Kiganja kilichozoea maji hudanganya, hasa saa za jioni. Shika mishono: kwapa la shati, kiuno cha jinzi, mfuko wa nyuma, pindo la taulo. Uguse hapo kwa shavu. Kukiwa na ubaridi hata kidogo, irudishe kwenye henga, uikunje kesho.